Mrejesho wa Toyota Aqua baada ya miaka miwili Dar, pamoja na ule mtambo wa "kuendesha gari kwa maji"

Wiki ya kwanza tu nimeichukua hii gari, bodaboda mmoja alinigongea kioo pale Ubungo akaniambia bosi gari imekuzimikia hiyo, washa hazadi tukusukume pembeni. Na kweli injini ilikuwa imezima. Ila AC inapuliza, redio inaongea, na foleni iliposogea na mimi nikasogea, kimya kimya kama paka, jamaa akabaki ameduwaa na helmeti yake mkononi. Tangu siku hiyo nimeulizwa habari za hii gari mpaka nimechoka kurudia, kanisani, kazini, kwenye vikao vya harusi, kwa hiyo naandika mara moja yaishe, na humo humo naweka habari ya ule mtambo wa maji alionunua shemeji yangu maana watu wanavichanganya hivi vitu viwili wakati ni mbingu na ardhi.

Gari yenyewe ni Aqua ya 2013, haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, cc 1500, used ya Japan, nimeitoa yadi ikiwa na kilometa elfu tisini na kitu. Kabla ya hapo nilikuwa na Toyota IST cc 1300, nimekaa nayo miaka sita na sina ubaya nayo hata kidogo. Kilichonitoa kwenye IST ni 2023 pale petroli ilipovuka 3,200 kwa lita. Mimi naishi Mbezi huko ndani ndani, kazi iko Posta, kwenda na kurudi ni kilometa hamsini na kitu, na sehemu kubwa ya hizo kilometa huendeshi, unakaa. Unakaa Kimara, unakaa Ubungo, unakaa Magomeni, unaangalia mwendokasi inapita pembeni yako na wewe unachoma wese kwa kukaa tu. EWURA wakitoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi mke wangu alikuwa ananitumia picha ya lile tangazo bila neno hata moja. Nikaelewa.

Sasa namba, maana ndo kitu watu wanataka. Napima fuli tanki kwa fuli tanki, kituo kile kile, na pampu ile ile nikiweza, siangalii dashibodi kwa sababu dashibodi inajipendelea. Mjini wastani wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa kilometa 20.8 kwa lita, na AC haijawahi kuzimwa labda mvua ikinyesha. IST njia hiyo hiyo, mguu huu huu, ilikuwa inanipa 11 na nusu hivi, siku mbaya 11 kamili. Kwa kilometa 1,300 za mwezi nilikuwa naweka lita 110 na ushee, sasa naweka 62 au 63. Hizo lita 50 hivi zinazobaki ni kama laki na nusu kila mwezi, na hiyo sio hela ya kuchezea, ndo ada ya mtoto wa mwisho hiyo.

Ila usije ukaingizwa mjini na karatasi ya Japan. Aqua ilipotoka mwisho wa 2011 kule kwao waliiandikia kilometa 35.4 kwa lita kwa kipimo chao cha maabara, na dalali wa kibongo anakutajia hiyo hiyo bila aibu tena anaizungusha iwe 40. Gari hiyo hiyo Marekani waliiuza kwa jina la Prius C, na huko vipimo vya serikali vikasema maili 53 kwa galoni mjini na 46 barabara kuu, ukibadilisha kwa hesabu zetu ni kama 22.5 na 19.5. Umeiona hiyo? Mjini inakula kidogo kuliko haiwei. Gari nyingine zote ulizowahi kumiliki ni kinyume chake, na ukielewa kwa nini iko hivyo basi umeielewa haibridi nzima na huwezi kuuziwa ujinga tena.

Mimi naelezaga hivi, mafundi mtanisahihisha. Petroli ni nazi. Gari ya kawaida inakamua tui la kwanza halafu machicha inatupa, yaani kila ukikanyaga breki ule mwendo ulioununua kwa hela unageuka joto kwenye diski na pedi, unapotea hewani. Haibridi inarudisha machicha kwenye bakuli, inakamua tui la pili. Ukiachia mafuta au ukigusa breki mota inageuka dainamo, inayashika matairi na umeme unarudi kwenye betri, halafu foleni ikisogea mita kumi unatumia umeme huo huo, injini imelala. Na injini yenyewe imetengenezwa kwa mzunguko wanaouita Atkinson, inabana mafuta vizuri ila haina nguvu ya kuondokea, udhaifu huo mota inaufunika. Hamna starta ya kawaida, hamna altaneta ile ya kuzalisha umeme wa gari, hamna giaboksi ya mkanda. Haichomekwi ukutani. Tui la pili ni zuri, linapika wali vizuri tu, ila limetoka kwenye nazi ile ile uliyoinunua kituo cha mafuta, hakuna nyingine.

Hili la nazi lilinikaa kichwani vizuri siku tunashuka Lushoto. Desemba tulikuwa tunaenda Moshi tukapitia kwa mama mkwe, siku ya kuondoka tunashuka kwenda Mombo, kilometa thelathini na kitu za kona tupu, unashuka karibu mita elfu moja kwenda chini. Nikajisemea leo betri itajaa umeme wa bure mpaka tuwagawie majirani. Kweli vijiti vya chaji vikapanda vikapanda, hatujafika hata robo ya njia vimejaa, halafu injini ikaanza kuunguruma yenyewe kwa sauti kubwa wakati mguu wangu hauko kabisa kwenye mafuta. Mke wangu akasema simamisha gari. Nikasimamisha, nikafungua boneti, nikaangalia kama mtu anayejua anachotafuta, nikafunga. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba betri ikishajaa gari haina pa kuuweka ule umeme, kwa hiyo inaizungusha injini bila kuchoma mafuta ili ipunguze mwendo na breki zisiungue. Na hesabu yake ni rahisi. Gari, sisi wanne, mabegi na viroba vya viazi vya mama mkwe, tuseme kilo 1,300. Kushuka mita elfu hapo kuna nishati ya kama uniti tatu na nusu za LUKU. Betri ya Aqua nzima haifiki uniti moja, na kompyuta hairuhusu uitumie yote. Zilizobaki zinageuka joto kama kawaida. Na hata hizo tatu na nusu zenyewe sio za bure, nilizilipia petroli siku tatu nyuma wakati napanda.

Barabara kuu ndo usitegemee makubwa. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, ukiwa kwenye 90 au 100 moja kwa moja hakuna cha kukamua, breki hugusi, mota inakaa tu kama abiria. Safari ile nilipata 19.6. IST nilikuwa napata 15 na nusu, 16. Kinachosaidia kidogo ni zile hamsini za vijijini maana ukiogopa tochi ya trafiki unapunguza mwendo na betri inapata chochote. Kwa hiyo kama wewe maisha yako ni Kahama kwenda Mwanza kwenda Bukoba, tafuta gari nyingine, hii ni gari ya mtu wa foleni.

Nimalize haraka mengine. Siti za nyuma ni finyu, mtu mrefu atakulaumu. Iko chini, na kule kwetu lami ikiisha naendesha kama nabeba mayai. Tanki ni lita 36 tu kwa hiyo kujaza hakuumi. Spea za kawaida zipo, pedi hata sijabadilisha mpaka leo maana mota ndo inafanya kazi kubwa ya kusimamisha. Oili weka ile nyepesi ya 0W-20 waliyoandika wenyewe, fundi akikuwekea ile nzito ya lori kwa sababu "hapa kwetu kuna joto" mwambie akaiweke kwenye lori.

Kilichonipa presha ni betri. Mwezi wa kumi na nne hivi tangu niichukue, nimetoka kazini, jua la saa tisa, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na gari ikawa nzito kama inavuta jahazi. Nikaipeleka gereji moja, jina sitaji, jamaa akachomeka mashine dakika mbili akatoka anatikisa kichwa kama daktari wa wodi ya wagonjwa mahututi. "Bosi betri imekufa. Milioni mbili na laki nane, na hiyo nakupa kwa sababu ni wewe." Mimi hata jina langu hakuwa analijua. Nikasema ngoja nikajipange. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Ilala niliyeelekezwa na dereva taksi mwenye Prius, mzee hata mashine hakuchomeka kwanza, alifungua mlango wa nyuma akainama akaangalia pembeni chini ya siti. Akaniita, "Njoo uone mwanangu." Betri ya hii gari iko chini ya siti ya nyuma na ina feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza, na pale kwenye tundu la hewa kulikuwa na vumbi la Mbezi, nywele, ganda la pipi, unga wa biskuti na soksi ya mtoto. Soksi nzima. Na juu yake mke wangu alikuwa anawekaga begi la shule. Betri ilikuwa inapumulia pamba. Akasafisha feni, akapima yale mafungu ya seli moja moja, yako 20, akasema yako sawa, akafuta zile kodi za hitilafu zilizokuwa kwenye kompyuta ya gari. Elfu themanini. Mwaka mzima sasa ile pembetatu haijarudi.

Kwa hiyo ukinunua hizi gari jambo la kwanza sio kuogopa betri, ni kutafuta fundi ambaye sio kanjanja, kwa sababu kanjanja wa haibridi ni hatari mara mbili, atakuibia na anaweza akafa. Zile nyaya za rangi ya chungwa sio za mapambo, hiyo betri kubwa ni volti 144 na mota inapelekewa zaidi ya hapo. Nyingine ambayo nilifundishwa na yule mzee, kwenye foleni usiweke N. Watu wa gari otomatiki tunapenda kuweka N tukisimama muda mrefu, kwenye hii ukiweka N haichaji, na AC inaendelea kunyonya betri, utaimaliza. Acha D, kanyaga breki, basi. Na ukijaza gesi ya AC hakikisha fundi anajua kompresa ni ya umeme, ina oili yake ya peke yake isiyopitisha umeme, akitia ile ya kawaida kaiua.

Betri siku moja itakufa kweli, nalijua hilo, gari ina miaka zaidi ya kumi na hili joto la Dar halisamehi. Nimeulizia, used ya Japan nimeambiwa kati ya milioni mbili na tatu inategemea unamuuliza nani. Nimeanza kuiwekea akiba kutoka kwenye ile laki na nusu. Hata ikifa kesho bado sijala hasara, maana gari imeshabakiza zaidi ya hiyo. Naipa 8 kwa 10, mbili nimezikata kwa sababu ya siti za nyuma na kwa sababu ya moyo wangu ulivyoenda mbio siku ile.

Sasa shemeji.

Ile IST yangu nilimuuzia kaka yake mke wangu, kwa hiyo namba zake nazijua kama namba ya simu yangu. Yeye alikuwa ananionea wivu wa mafuta lakini haibridi anaiogopa, akasema hawezi kuendesha gari yenye betri ya milioni tatu. Siku moja akaja nyumbani anang'aa uso. Kafungiwa mtambo. Laki nne na nusu, na ufundi juu. Akafungua boneti nikaona chupa kubwa ya plastiki nyeusi imefungwa na vibano pembeni ya betri, ndani maji na unga fulani mweupe kama magadi, sahani za stenlesi, waya unatoka kwenye betri, na mpira mwembamba unaingia kwenye bomba la hewa la injini. Eti umeme unapasua maji yanakuwa haidrojeni na oksijeni, injini inachoma haidrojeni, petroli inapungua nusu. Muuzaji kamwambia hii ni teknolojia ambayo Wazungu wameificha miaka yote sababu ya makampuni ya mafuta. Nikamuuliza, wameificha halafu inauzwa kwenye fremu yenye bango la mita tatu barabarani? Akasema shemeji wewe unapenda kubisha.

Sikubisha. Nikamwambia tupime. Tukapima matangi manne, njia yake ya Tabata kwenda Kariakoo. Kabla ya mtambo alikuwa anapata 11.7. Baada ya mtambo tukapata 11.6, 11.9, 11.4, 11.7. Akampigia muuzaji, akaambiwa injini inahitaji muda wa kuzoea. Injini, kuzoea, kama mgeni wa bweni. Wiki mbili mbele akaambiwa shida ni maji, atumie ya mvua. Tukatumia ya mvua. Halafu akaambiwa kumbe gari za kisasa zinahitaji kichipu cha kudanganya sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, laki na nusu nyingine. Hicho kichipu ndo nilimkatalia kabisa, kwa sababu hicho kinaweza kweli kupunguza mafuta kidogo, ila sio kwa sababu ya maji, ni kwa sababu unaiambia kompyuta uongo ili iinyime injini mafuta, na injini inayonyimwa mafuta inachemka vibaya, mwisho unatoboa pistoni.

Nikakaa na kalamu jioni moja nikamchorea. IST ikienda 60 kwa saa na ulaji wa 12 kwa lita inachoma lita 5 kwa saa, na lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9 za LUKU, kwa hiyo hiyo injini inakula uniti 45 kwa saa moja. Ule mtambo ukivuta ampia 15 kwenye volti 13 na nusu hiyo ni wati 200, uniti 0.2 kwa saa, na gesi inayotoka hata sahani zikiwa nzuri ina kama theluthi mbili ya hiyo. Yaani 0.13 kwa 45. Hata ungepewa hiyo gesi bure na malaika ni chini ya nusu ya asilimia moja. Na sio bure, hizo wati 200 zinatoka altaneta, altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, injini inakunywa petroli. Ni kukamua machicha ili upate nazi. Mlango wa kupata faida haupo, kupasua maji kunataka umeme mwingi kuliko utakachorudishiwa ukiyaunganisha tena, kiwandani kabisa na mashine nzuri kilo moja ya haidrojeni inataka kama uniti 50 za umeme na yenyewe ina uniti 33 unazoweza kuzitumia.

Shemeji akanisikiliza vizuri, akaniambia labda ya kwake ina hitilafu. Akamleta muuzaji kwangu.

Kijana mstaarabu tu, msafi, kavaa shati la kampuni. Akaniambia kaka wewe mtambo utakufaa zaidi maana gari yako tayari ni ya teknolojia, ukijumlisha na maji utafika 40. Nikamwambia sawa, ila naomba unionyeshe umeme utauchukulia wapi. Akasema altaneta, kama kawaida. Nikafungua boneti nikamwambia nionyeshe altaneta. Akainama upande wa kulia, akainama upande wa kushoto, akawasha tochi ya simu, akauliza kama naweza kupandisha gari jeki. Nikamletea juisi. Dakika kumi na tano kijana wa watu anatafuta altaneta kwenye gari ambayo haikuwahi kuwa nayo, umeme wa volti 12 kwenye hii gari unashushwa kutoka kwenye ile betri kubwa, na ile betri kubwa inajazwa na petroli na breki. Mwisho nikamhurumia nikamwambia. Akasema toleo la haibridi linakuja mwezi ujao.

Mtambo naupa sifuri, na nusu ya sifuri ni kwa sababu ile chupa haivuji.

Na sio kwamba shemeji ni mjinga, hii hadithi ina miaka na imewapiga watu wenye hela kuliko sisi. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alikuwa na kigari chake cha "maji", wawekezaji wakamshtaki, 1996 mahakama ikasema ni utapeli wa wazi akaamriwa kurudisha dola 25,000. Akafariki 1998 na watu mpaka leo wanasema aliuliwa kwa siri yake. Japan, 2008, kampuni inaitwa Genepax ikaonyesha waandishi gari inayokwenda kwa maji, mwaka uliofuata haipo. Ufilipino mzee Daniel Dingel, miaka mingi na gari yake ya maji, 2008 akahukumiwa kwa utapeli akiwa na miaka 82. Hapa hapa Afrika, Zimbabwe, Maxwell Chikumbutso alitangaza 2015 kwamba ana gari isiyotaka mafuta wala chaji, inavuna mawimbi ya redio, na mwaka 2025 jambo hilo likaibuka tena mpaka kwa Rais Mnangagwa, na swali likawa lile lile, maabara gani huru imeipima? Mamlaka ya mazingira ya Marekani imeshachunguza vifaa zaidi ya 100 vya kubana mafuta, sumaku, vidonge, vifeni vya kwenye bomba la hewa, hawajapata cha maana. Sisi ambao 2011 tulipanga foleni ya magari mpaka Samunge kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 tunalijua hili, mtu akiwa na shida na bei iko ndani ya uwezo wake haulizi sana.

Ila kuna kundi jingine, hawa ni ngumu zaidi maana hawadanganyi moja kwa moja. Kuna rafiki yangu kazini ana hela yake ya gari iko benki mwaka wa tatu, kila nikimuuliza anasema haibridi imepitwa, anasubiri haidrojeni. Nikamwambia haidrojeni ipo, Toyota wanauza Mirai tangu mwisho wa 2014, gari nzuri tu, inatoa maji kwenye ekzosi. Lakini utajazia wapi? California penyewe, ndo kwenye vituo kuliko pote Marekani, Shell walifunga vituo vyao vya gari ndogo 2024, watu wamebaki na gari nzuri kwenye maegesho. Akahamia kwenye betri mpya, zile ambazo ndani hazina kimiminika, kila kitu kigumu, chaji dakika kumi. Toyota hao hao 2017 walisema mwanzoni mwa miaka ya 2020 zitakuwa sokoni, sasa wanasema 2027 au 2028. Siwalaumu, kitu kigumu ni kigumu, na angalau hao hawajakuuzia kitu ambacho hakipo.

Walioniacha hoi ni Nikola, kampuni ya malori ya haidrojeni ya Marekani. Walitoa video 2018 lori linakata mbuga barabarani, hisa zikaja kupanda, kipindi fulani soko likaithamini kuliko Ford. Kumbe lile lori halikuwa linajiendesha, walilivuta juu ya mlima wakaliachia linateremka. Mwanzilishi wake Trevor Milton akatiwa hatiani 2022, baadaye akasamehewa na Rais Trump 2025, na mwezi mmoja kabla ya msamaha kampuni ilikuwa imeshaomba kufilisika. Mimi niliposoma hiyo nikacheka peke yangu maana na mimi nimeshateremka Mombo kwa nishati ya mlima, ila sikuuza hisa.

Kwa hiyo huyo rafiki yangu nikamwambia, Prius ya kwanza imetoka Japan 1997, mpaka mwanzoni mwa 2017 Toyota walikuwa wameshauza haibridi milioni 10, unasubiri nini kithibitishwe? Ana IST yake nzee inakula 10 kwa lita, kila mwezi anaosubiri teknolojia ya kubana mafuta analipa laki na nusu ya kusubiri. Na kama haibridi huitaki, weka mfumo wa gesi asilia, hiyo nayo imethibitishwa, bajaji na taksi kibao zinatembelea, chuo cha ufundi cha DIT wanafunga, tatizo ni foleni tu ya kujazia, pale Ubungo kuna siku unaweza kulala na kuamka. Ila gesi unaiona, unaipima kwa kilo, unajua imetoka Songosongo au Mtwara. Nazi ipo.

Kwa anayeenda kununua Aqua wiki hii: usiikague ikiwa ya moto tayari. Nenda asubuhi ikiwa imelala usiku kucha, iwashe mwenyewe, angalia vijiti vya chaji unapotembea, vikipanda na kushuka kwa kasi kila dakika mbili hiyo betri imechoka. Inamisha kichwa siti ya nyuma uangalie lile tundu la feni, kama kuna soksi punguza bei. Na ukimkuta muuzaji ameweka redio kwa sauti kubwa wakati unaijaribu, izime usikilize feni, ikivuma kama pasi ya dobi kimbia.

Shemeji sasa hivi anauza IST, na yeye amepata Aqua, ya bluu. Ule mtambo bado uko kwenye boneti, maji yamekauka, mpira nilishaukata mwenyewe nikauziba na plasta. Juzi nikamwambia tuutoe kabla mteja hajaja kuona gari. Akasema hapana, dalali kamwambia asiuguse, unaongeza bei.